Betri ya drili imechoka: kuiamsha, kuibadilisha seli au kununua nyingine?

Drili inafunga skrubu nne kwenye ubao wa mkaratusi, inakata pumzi. Ukiipachika betri kwenye chaja, taa ya kijani inawaka baada ya dakika kumi, kana kwamba imeshiba. Hapo mafundi wengi wa Goma wanashuka mtaa wa Birere kuuliza bei ya betri mpya, na wengine wanampelekea fundi wa simu, anaigusisha na betri ya gari, inaamka, wiki inayofuata imelala tena. Kila njia ina siku yake ya kufaa na siku yake ya hasara. Kinachoamua ni aina ya seli zilizomo na namna zilivyochoka, na hayo yanasomwa kwenye mita, hayasomwi kwenye uso wa muuzaji.

Kabla ya kufungua chochote, tazama chaja. Vifaa vya mitumba kutoka Marekani vinakuja na chaja za volti 120; umeme wetu ni 220. Ukiichomeka hivyo hivyo inaungua, kisha betri inalaumiwa bure. Betri zenyewe hazina tatizo: DeWalt iliyoandikwa 20V MAX na ile ya Ulaya iliyoandikwa 18V XR zote ni seli tano mfululizo, 18 ikiwa volti ya kawaida ya kazi na 20 ikiwa namba ya karibu ya betri iliyojaa kabla ya kazi. Tafuta chaja ya 230 ya jamii hiyo hiyo, au transfoma ya kushusha umeme. Halafu safisha miguso ya betri na ya drili kwa spiriti na mswaki mkavu. Vumbi la mbao likichanganyika na unyevu wa ziwa hufanya ganda jembamba ambalo linatosha kuizuia chaja isianze.

Kujua kilichomo ndani

Kibandiko kikisema Ni-Cd au Ni-MH, yaani betri za nikeli, ndani kuna seli fupi nene za volti 1.2, kipenyo kama milimita 23, urefu 43. Betri ya volti 12 ina seli 10, ya 14.4 ina 12, ya 18 ina 15. Kikisema Li-ion, yaani lithiamu, mara nyingi ni seli za 18650, yaani milimita 18 kwa 65, kila moja volti 3.6 kazini na 4.2 ikijaa. Betri ya volti 18 ina tano, au kumi katika makundi matano ya mbili mbili. Zile drili za bei ya chini zilizoandikwa 48VF au 88VF zisikutishe: herufi hizo ni za biashara. Zifungue, utakuta seli tano zilezile, volti 21 zikijaa.

Kufungua kunataka bisibisi ya nyota T10, na kwa betri nyingine inabidi iwe na kitundu katikati. Vua pete na saa ya chuma kwanza. Betri ya lithiamu ikiguswa kwa chuma upande hadi upande inayeyusha chuma hicho, na pete haitoki kidoleni kwa haraka.

Kupima, ndiyo kazi yenyewe

Tuchukue betri ya volti 18, ampea-saa 4 (yaani inatoa ampea 4 kwa saa moja), seli kumi. Weka mita kwenye volti za DC, upime kila kundi peke yake kati ya kipande kimoja cha nikeli na kinachofuata. Ukisoma 3.92, 3.91, 3.93, 3.90 na 2.46, betri hii haijachoka. Kundi moja limebaki nyuma, mara nyingi kwa sababu bodi ndogo ya ulinzi imekuwa ikinyonya chakula chake kutoka kundi hilo peke yake miezi yote betri ilipokaa kwenye sanduku. Chaja inaona kundi moja liko chini inakataa, au makundi manne yanajaa mapema na taa ya kijani inawaka wakati la tano bado na njaa.

Ukisoma 3.92 kila mahali, usishangilie bado. Volti za betri iliyopumzika hazisemi nguvu yake. Chukua balbu mbili za taa ya mbele ya gari, volti 12 na wati 55, ziunge mfululizo, kisha uziunge kwenye betri. Zinavuta karibu ampea 4. Ziweke juu ya jiwe, maana zinachoma, na usishike kioo. Zikiwa zinawaka, pima tena kila kundi. Kundi lenye afya la seli moja hushuka kama volti 0.15 hivi, la seli mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, nusu ya hapo. Likishuka 0.4, ukinzani wa ndani umepanda. Betri hiyo itawasha tochi usiku kucha, lakini drili inayotaka ampea 20 au 30 ikikwama kwenye mbao haitapata kitu.

Acha balbu ziwake ukiangalia saa, ukizima mara kundi dhaifu linapofika 3.0. Betri yenye afya ya ampea-saa 4 inamaliza kama saa moja, ya ampea-saa 2 nusu saa. Iliyozima dakika ya 20 kati ya 60 imebakiwa na theluthi ya uwezo wake. Usiondoke kwenda kunywa chai balbu zikiwaka: kundi dhaifu likishuka chini ya 2.0 umeliua mwenyewe.

| Mita inasema | Kuamsha | Seli mpya | Betri mpya |
|---|---|---|---|
| Lithiamu: kundi moja 2.0 hadi 3.0, mengine sawa | Anza hapa | Bado | Bado |
| Lithiamu: kundi chini ya 2.0 | Hapana | Ndiyo | Ndiyo |
| Lithiamu: volti sawa, zote zinaanguka kwenye balbu | Hapana | Ndiyo, zote | Ndiyo |
| Lithiamu: seli nzima, bodi imejifunga | Hapana | Hazisaidii | Ndiyo, au bodi nyingine |
| Ni-Cd: inazima mapema | Jaribu mara moja | Kwa nadra | Bora adapta |

Kuamsha: lithiamu na nikeli hazifanani

Kwa kundi la lithiamu lililobaki nyuma, kifaa ni bodi ndogo ya chaja iitwayo TP4056, inayopatikana kwa wanaotengeneza simu na pawabenki. Inatoa ampea 1 na kukata kwenye 4.2. Ikikuta seli iko chini ya 2.9 huanza taratibu, kwa ampea 0.13 tu, na ndivyo seli yenye njaa inavyotaka kulishwa. Unga chanya na hasi kwenye ncha mbili za kundi hilo tu. Likikaribia 3.9 chomoa, subiri nusu saa, pima, rudia hadi lilingane na wenzake kwa tofauti isiyozidi 0.02. Ndipo betri nzima irudi kwenye chaja yake.

Kosa linalochoma vitu hapa ni haraka. Mtu ana makundi mawili yaliyo nyuma, anaunga TP4056 mbili kwa pamoja kutoka pawabenki moja. Hasi za bodi hizo zimeungana ndani ya pawabenki, hasi za makundi hazilingani, na umeme wa kundi zima unapita kwenye waya wa USB. Chaji kundi moja kwa wakati mmoja, basi.

Ukimaliza, iache betri siku saba bila kuigusa. Kundi ulilolilisha likishuka zaidi ya 0.05 kuliko wenzake linavuja lenyewe kwa ndani, na kuamsha kumegonga mwamba. Mpaka wa 2.0 nao una sababu yake: seli ikikaa chini sana, shaba ya bamba la ndani huyeyuka, na ukiichaji shaba hiyo hujijenga upya kama sindano mahali isipotakiwa. Seli kama hiyo inaweza kupokea chaji vizuri leo na kupata moto keshokutwa, ikiwa peke yake juu ya meza ya mbao.

Nikeli ni hadithi nyingine. Ile mbinu ya kugusisha na betri ya gari inatokana na ukweli: sindano ndogo za kadimiamu huota ndani, zinatoboa kitenganishi na kuunganisha bamba mbili, na mkondo mkubwa unaziyeyusha. Tundu ndilo linabaki, na sindano nyingine inaota palepale. Siku chache za kazi, ndiyo faida yote. Kwa lithiamu mbinu hiyo ni ya kuchoma nyumba, isijaribiwe hata kwa sekunde.

Jaribio la haki kwa Ni-Cd ni chaji ya polepole: moja ya kumi ya uwezo wake kwa saa 14 hadi 16. Betri ya ampea-saa 1.3 ipewe ampea 0.13, ya 2 ipewe 0.2. Seli zilizojaa mapema zinageuza ziada kuwa joto kidogo, zilizochelewa zinafikia. Na achana na ushauri wa kuikamua hadi sifuri ili isahau mazoea. Ya volti 18 ikomee 15, la sivyo seli dhaifu inageuzwa chanya kuwa hasi na wenzake. Baada ya usiku huo mmoja, kama bado inazima mapema, usiipe usiku wa pili.

Seli mpya au betri mpya

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu seli zinazouzwa kirahisi ndizo zisizofaa. Seli za kompyuta mpakato za mitumba zina uwezo mzuri kwenye karatasi, mili-ampea-saa 2200 hadi 2600, lakini zimetengenezwa kutoa ampea 4 au 5 kila moja. Mbili sambamba zinakupa kumi. Drili ikikwama inataka thelathini: volti zinaanguka, bodi inakata, fundi anadhani amechomelea vibaya. Seli hizo zipe redio au taa ya dukani, zitakutumikia miaka. Seli ya drili ni kama Samsung 25R, yenye 2500 na ampea 20, au LG HG2, yenye 3000 na ampea 20.

Seli ya 18650 iliyoandikwa 9900 ni uongo wa wazi. Zilizo bora kabisa zinafika 3500 au juu kidogo. Mizani ndiyo shahidi. Seli ya kweli ina gramu 45 hadi 48. Ya uongo mara nyingi haifiki 40, kwani ndani kuna seli ndogo na nafasi tupu.

Kazi yenyewe inataka utepe wa nikeli halisi, unene milimita 0.15 na upana 8, na mashine ya kuchomelea kwa nukta. Utepe wa chuma uliopakwa nikeli unafanana nao kabisa. Kwaruza kipande, kiache kwenye maji ya chumvi usiku mmoja. Asubuhi kikiwa na kutu, umeuziwa chuma. Chuma kinapitisha umeme vibaya, kinapata joto na kuila betri kutoka ndani. Kwenye njia kuu ya mkondo weka tabaka mbili. Kila ncha ya seli ipate nukta nne hadi sita, kisha uvute kwa koleo: utepe uchanike kabla nukta hazijaachia. Kulehemu kwa bati moja kwa moja juu ya seli ya lithiamu kunaunguza kifungo cha plastiki upande wa chanya, na huwezi kuona madhara kwa nje. Kama huna mashine ya nukta, nunua seli zilizokwisha kuwekewa vikia vya utepe, ulehemu kwenye vikia.

Kabla ya kuunga seli sambamba, zote ziwe na volti sawa, tofauti isizidi 0.05. Kila chanya ipate pete yake ya karatasi ya kuhami. Waya za bodi ziungwe kuanzia hasi kuu kupanda ngazi kwa ngazi hadi chanya kuu, na kuzifungua ni kinyume chake. Ukiruka ngazi moja, bodi inapokea volti mbili mahali pa moja na kufa kimya kimya. Na zipo bodi zinazojifunga zenyewe baada ya kuona hitilafu mara kadhaa kwenye chaja. Hizo ukiziwekea seli mpya hazitajua, zitaendelea kukataa. Dalili yake ni makundi yote sawa, balbu zinawaka vizuri, chaja inakataa papo hapo. Ukiona hivyo kabla ya kununua seli, umeokoa pesa za seli.

Usibadilishe kundi moja tu kwa seli mpya kati ya nzee. Nzee zitaisha kwanza kila mara, na mpya hazitafanya kazi yao kamwe. Ikiwa mnazo betri mbili za aina moja zilizokufa, kwenye karakana moja au kwa jirani, pimeni makundi yote kumi kwa balbu, mchague matano yaliyo karibu kwa karibu, mfanye betri moja. Ndiyo njia yenye faida kuliko zote kwenye ukurasa huu, na haihitaji kuagiza seli popote.

Kuagiza nako kuna sheria zake. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zilizo peke yake haziruhusiwi kama mizigo katika ndege za abiria. Mkoba wa mkononi ni jambo jingine: betri ya akiba isiyozidi wati-saa 100 inaruhusiwa ikiwa miguso yake imefunikwa, na kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege. Zidisha volti kwa ampea-saa: 18 kwa 5 ni 90, inapita, 18 kwa 6 ni 108, uliza kwanza. Anayetoka Dubai kupitia Kigali anaweza basi kukubebea betri ya asili mkononi, lakini si kwenye sanduku la chini.

Kwa hesabu, gawa bei kwa wati-saa, halafu linganisha. Seli nzuri, utepe na kazi ya fundi zikivuka theluthi mbili ya bei ya betri ya asili yenye uwezo uleule, nunua ya asili. Ina plastiki mpya, bodi mpya na nukta zilizochomewa kiwandani.

Ya asili au ya kuiga

Betri za kuiga zinazoingia drili za Makita au DeWalt zimejaa madukani, na si zote mbaya. Tatizo ni kwamba nyingi zinaandika 6 Ah (ampea-saa) na kubeba 3. Iombee mizani ya muuza nyama: seli kumi peke yake ni gramu 450 na zaidi, ongeza plastiki na bodi. Betri ya volti 18 inayodai 5 au 6 Ah na kupima chini ya gramu 500 inasema uongo. Nyingine zina bodi isiyosawazisha wala kukata mapema kundi moja likishuka. Kwa drili ya skrubu za mabati inavumilika. Kwa mashine ya kukata chuma, inayovuta mkondo mkubwa bila kupumzika, lipia ya asili.

Ya asili nayo ina mtego: kukaa dukani. Iliyolala miaka kwenye boksi inaweza kuwa imeshuka kabla hujailipia. Mwombe muuzaji aipime mbele yako. Ya volti 18 inayosoma juu ya 17.5 ichukue, ikisoma chini ya 15, mrudishie.

Drili nzee ya nikeli

Kwa drili ya Ni-Cd ya volti 18, adapta inayopokea betri ya lithiamu ya volti 18 inashinda kununua seli 15 za nikeli. Volti zinakaribiana: seli 15 za nikeli zilizojaa zinafika 21 hivi, na lithiamu tano zinafika 21. Ya 14.4 inalingana na lithiamu nne. Ya 12 haipati jozi nzuri: tatu ni chache kidogo, nne ni nyingi. Adapta nyingi hazikati umeme betri inapoisha, kwa hiyo taa ya mwisho ikibaki moja, ichomoe.

Anayeamua kuweka seli za lithiamu ndani ya kasha la nikeli lazima aweke bodi ya ulinzi ya makundi matano na atumie chaja ya volti 21 ya lithiamu. Chaja ya zamani haijui kukomea 4.2 kwa seli. Ikate plagi siku hiyo hiyo, kabla mwanagenzi hajaichomeka. Jaza nafasi kwa sponji ngumu, kwa kuwa seli za 18650 ni nyembamba kuliko nzee, na mtikisiko unavunja utepe.

Kwenye karakana ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ambapo drili haihami meza, waya unatosha: drili ya volti 12, betri ya gari au ya sola, fyuzi ya ampea 30 karibu na chanya, na waya wa shaba wa milimita mraba 4 usiozidi mita 3. Ukitumia wa 1.5, kwenye ampea 20 unapoteza volti karibu moja na nusu njiani. Drili ya 18 haiwekwi kwenye 24. Betri ya 12 na ya 6 mfululizo zinaiendesha vizuri, ila kila moja ichajiwe peke yake.

Betri yoyote iliyotengenezwa upya ichajiwe mara tatu za kwanza mtu akiwa macho, nje ya nyumba ya mbao, juu ya jiwe la volkano, na ndoo ya maji karibu. Seli zilizokataliwa zifungwe miguso kwa utepe wa plastiki na kuwekwa kwenye kopo la mchanga mkavu, moja moja zisigusane. Kadimiamu isitupwe motoni wala ziwani, ambako watu wanachota maji ya kunywa.